Zamu ya Taulo

Wavu niliununua mimi. Niseme hilo kwanza,
kabla hujaniona na chupa ya maziwa mkononi
ukanidhania mtu mwema.

Mlichi wangu ulikuwa umezaa baada ya miaka saba,
na usiku popo walikuja kutoka mtoni
kwa mamia, wakinuka asali iliyochacha,
wakala, wakatema makapi juu ya gari langu.
Nikaufunika mti. Nikalala usingizi wa mwenye haki.

Alfajiri alikuwa humo mmoja,
bawa limesokotwa na nyuzi mara tatu,
na chini ya kwapa, mwanawe
ameng'ang'ania chuchu ya mama aliyekwisha kufa.
Macho ya kahawia. Yalinitazama
kama mteja anayengoja zamu yake kaunta.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.
Noeleen Tranter hakuniambia pole.
Alikuja na mkasi, glavu na kikapu cha nguo,
bibi wa miaka sabini aliyewahi kuendesha treni za miwa
huku kwetu Queensland, kaskazini,
akaukata wavu wangu wa dola arobaini
bila kuomba ruhusa.
"Usimguse," alisema. "Hujachanjwa."
Kisha, gari likiwa limeshawaka:
"Jumanne tuna upungufu wa watu."

Nilidhani kujitolea ni kushika.
Kumbe ni kufua.
Wiki za kwanza, nikingoja sindano zikamilike,
nilifua taulo, nikaanika taulo, nikakunja taulo,
nikachemsha chuchu za mpira ndogo kuliko ukucha,
nikakatakata tikiti, tufaha, peasi,
Noeleen akipima vipande kwa jicho
na kunirudishia vilivyo vikubwa.
Hakuna aliyenishukuru.
Nilikuwa nimetarajia, kidogo.

Januari joto likafika arobaini na tatu.
Popo walidondoka
kama makoti yaliyochoka kuning'inia.
Tulipita chini ya matawi na ndoo, na chupa za kunyunyizia,
tukiokota wanaohema, tukiwaruka wasiohema.
Tevita, wa kiwanda cha sukari, aliwahesabu wafu
kwa Kitonga, kwa sauti ya chini;
akifika mia, anaanza tena moja.
Sikumuuliza kwa nini.
Usiku ule mashine ya kufulia iliungua.
Tulifulia kwenye beseni, watu sita, bila kusema.

Yule wa wavu wangu alipewa namba, si jina:
Kumi na Saba.
Noeleen hataki majina. Mimi
nilikuwa nalo moja, na sitalisema hapa.
Nilimfunga kitambaa kama sambusa,
kichwa nje, mabawa ndani,
akanyonya mililita kumi na tano, akapiga chafya.
Asante ya punda ni teke;
ya popo ni kujipindua ghafla, kichwa juu,
na kukukojolea ndani ya mkono wa shati.
Nilirudi nyumbani nikinuka hivyo.
Nilikaa kitini muda mrefu kabla ya kuoga.

Machi tulifungua kidirisha cha banda.
Wenzake waliondoka usiku wa kwanza.
Yeye alibaki, akakunja mabawa,
akala peasi niliyomkatia, vipande vidogo, sawasawa.
Usiku wa pili alibaki.
Nilifurahi. Noeleen aliniona nikifurahi
akaniambia nikafue taulo.

Usiku wa tatu sahani ilibaki imejaa.

Mlichi umezaa tena mwaka huu.
Matawi ya chini nimeyavika mifuko ya kitambaa, yangu hayo.
Ya juu nimeyaacha.
Leo asubuhi kioo cha gari kilikuwa kimejaa makapi,
yenye alama za meno,
na nikasimama na kitambaa mkononi
nikiyagusa kwa kidole, moja moja.
Yalikuwa bado na unyevu.

Halafu nikapangusa. Ilikuwa Jumanne.